Chagua Kazi Itakayokufikisha kwenye Uuguzi

Mtu akifika Marekani akitokea Nairobi, Dar es Salaam, Bukavu au kambi ya Nyarugusu, ushauri wa kwanza anaopewa na wenyeji wake ni uleule: soma CNA, uwe msaidizi wa wauguzi. Ni ushauri mzuri. Darasa lake ni la wiki chache, ajira hazikosi, na Wakenya wa Lowell, Massachusetts, au Wakongo wa Louisville, Kentucky, watakuonyesha familia zilizosimama kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba ushauri huishia hapo. Hakuna anayemwambia mgeni aanzie wapi, achukue zamu gani, akae muda gani, na kama nia yake ni leseni ya uuguzi, kuna kazi gani nyingine zinazoweza kumfaa zaidi. Ndiyo maana tunao watu wengi wenye akili na bidii waliosema "mwaka mmoja tu, halafu naingia shule", na leo watoto wao ndio wanaojiandikisha chuo.

Nawaandikia wale ambao uuguzi ndio nia yao hasa. Anayependa kutunza wazee na anataka kubaki huko, kazi yake ni kamili na ina heshima yake, wala hahitaji kusukumwa na mtu. Lakini wewe unayetaka kusimama siku moja na leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, kazi ya kwanza ipime kwa maswali matatu kabla ya kuuliza inalipa ngapi kwa saa. Je, itanikutanisha na mwili wa mgonjwa na kuniweka karibu na muuguzi ninayeweza kujifunza kwake? Je, ratiba yake itaniachia saa za kukaa darasani? Na mwajiri atachangia ada yangu?

Najua fedha ndiyo inayotuvuta, basi tuihesabu vizuri. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha kuwa CNA wa kipato cha katikati alipata kama dola 39,500 kwa mwaka. Mhudumu wa majumbani alipata karibu dola 34,900. Muuguzi wa ngazi ya LPN, ambaye masomo yake huchukua kama mwaka mmoja, alipata dola 62,300 hivi, na RN dola 93,600. Angalia pengo lilipo. Kazi mbili za chini, moja ikilipa dola 18 kwa saa na nyingine 20, zinatofautiana kwa kama dola 4,000 kwa mwaka mzima. Kila mwaka unaochelewa kuwa RN unakugharimu zaidi ya dola 50,000. Kwa hiyo kazi ya dola 18 inayokuachia Jumanne na Alhamisi za kusoma anatomia ndiyo inayolipa vizuri kuliko ile ya dola 20 inayokuita kila siku.

Sasa CNA yenyewe. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1987 iliyorekebisha nyumba za wazee ilitaka kila msaidizi apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na angalau saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo yana ruhusa ya kuongeza: Texas inataka saa 100, California 160. Baada ya hapo kuna mtihani wa sehemu mbili, wa maswali na wa vitendo, ambao jimbo linatakiwa kukupa angalau nafasi tatu za kuufanya. Ukifaulu, jina lako linaingia kwenye rejista ya jimbo. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya kulipwa ya aina hiyo, itabidi urudie mafunzo na mtihani, au angalau mtihani, jambo ambalo huwakuta sana kina mama waliopumzika kulea.

Watu wetu wengi hulipia darasa hilo kutoka mfukoni bila kujua haki yao. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za bima za serikali za Medicare au Medicaid, nazo ni karibu zote, hairuhusiwi kumtoza ada ya mafunzo mtu iliyekwisha kumwajiri au kumuahidi kazi. Inaweza hata kukuajiri ukiwa bado unasoma, mradi miezi minne isipite kabla hujafaulu. Na kama ulilipa mwenyewe, kisha ukaajiriwa na nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12 tangu umalize, jimbo linapaswa kuhakikisha unarudishiwa gharama zako kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Kwa hiyo tunza risiti ya ada, ya vitabu na ya mtihani. Kabla ya hayo yote, fika kwenye ofisi ya ajira ya serikali iliyo karibu nawe, ile yenye jina la American Job Center, uulize kama wana fungu la kulipia mafunzo ya afya kwa wenye kipato kidogo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaruhusiwa kufanya kazi tangu afike; aliye na viza ya mwanafunzi ya F-1 asiguse kazi ya nje ya chuo mpaka apate kibali, hata rafiki akimhakikishia kwamba hakuna anayefuatilia.

Kwa nini naiweka CNA mbele ya nyingine zote? Kwa sababu ya kinachotokea saa moja asubuhi. Unaingia chumba cha mama wa miaka 88 aliyepooza upande wa kushoto kwa kiharusi. Kabla hujamgusa, unasogeza kiti cha magurudumu upande wake wa kulia, ule wenye nguvu, na kufunga breki zote mbili. Unamvisha viatu visivyoteleza, unamfunga mkanda wa kumshikia kiunoni, unamweleza mnachokwenda kufanya, mnahesabu pamoja hadi tatu. Anapoinuka, magoti yako ndiyo yaliyokunjwa, mgongo umenyooka. Wakati wa kumwogesha unaona kisigino chake kimekuwa chekundu. Unabonyeza kwa kidole, unaachia, na wekundu hauondoki. Hicho ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza, na namna utakavyomweleza muuguzi wa zamu, yaani kiko wapi, kina ukubwa gani, ngozi imechanika au la, jana kilikuwepo au hakikuwepo, ndiyo uuguzi wenyewe unaoanza kukuingia. Baada ya kifungua kinywa unaandika alichokunywa: glasi ya juisi ya aunsi 4 ni mililita 120, nusu kikombe cha chai, maziwa hakuyagusa. Jana maziwa aliyamaliza. Hilo nalo unalisema.

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mambo haya katika muhula wa kwanza, akiyafanya kwa mikono inayotetemeka mbele ya mwalimu. Wewe utakuwa umeyafanya mara nyingi kiasi kwamba akili yako inabaki huru kusikiliza kwa nini. Tena utakuwa umejipima. Kuna harufu za choo na vidonda, kuna uchi wa watu wazima, kuna mzee mwenye ugonjwa wa kusahau atakayekutukana kwa rangi yako wakati unamlisha, na kuna siku utakuta kitanda kitupu cha mtu uliyemzoea. Wanaume waliolelewa kwetu hupata ugumu wa pekee siku ya kwanza kumwogesha bibi wa rika la nyanya yao. Wengi huvuka, kwa kufunika sehemu wasiyoiosha, kubisha hodi, na kuomba ruhusa kila hatua. Wasioweza kuvuka ni heri wajue mapema, kabla ya kulipa maelfu ya dola ya ada ya uuguzi. Baadhi ya vyuo, hasa vya jamii, vinataka kabisa mwombaji awe amepitia mafunzo ya CNA kabla ya kuingia programu ya uuguzi, hivyo muda huo haupotei.

Kazi ya jina moja inaweza kuwa mbili tofauti kabisa kulingana na mahali. Nyumba ya wazee huajiri upesi na haidai uzoefu. Huko ndiko utajifunza kugeuza, kuinua, kulisha na kuongea na mtu asiyekumbuka jina lake. Hospitali mara nyingi hutaka uwe na miezi kadhaa ya uzoefu, na humwita msaidizi wake PCT au jina linalofanana na hilo. Msaidizi wa hospitali huona wagonjwa waliotoka upasuaji, dripu, mirija, oksijeni, wagonjwa wanaozidiwa ghafla na timu nzima inavyokimbilia chumba. Baadhi ya hospitali humfundisha kutoa damu na kupima moyo kwa ECG. Na zamu zake za saa 12 mara tatu kwa wiki hukuachia siku nne. Mawazo yangu ni haya: anzia nyumba ya wazee kama hospitali hazikuchukui, kaa miezi sita hadi mwaka ukijifunza kwa nia, kisha hama. Usihamie nyumba nyingine ya wazee kwa nyongeza ya senti hamsini. Omba hospitali, omba tena, na ukishaingia omba wodi ya magonjwa ya ndani au ya upasuaji, kwani huko ndiko utakakoona mambo mengi kwa muda mfupi.

Kazi za majumbani na za nyumba za watu wenye ulemavu zimewavuta wenzetu wengi, hasa Massachusetts na jimbo la Washington. Mafunzo yake ni mafupi na zamu za usiku zina utulivu. Sizipendekezi kwa anayetaka uuguzi na bado hajagusa shule, kwa sababu utakuwa peke yako na mteja mmoja au wawili walewale, bila muuguzi wa kumtazama, na baada ya miaka mitatu ujuzi wako utakuwa uleule wa mwezi wa tatu. Ila zina wakati wake. Ukishaingia chuo cha uuguzi, masomo yakikulemea, zamu ya usiku ya kukesha na mteja anayelala vizuri inaweza kukupa saa za kusoma ambazo hospitali haitakupa kamwe. Ichukue wakati huo. Kazi ya kulala humo humo siku tano mfululizo, hata kama fedha yake inaonekana nyingi, inakutoa darasani moja kwa moja.

Kutoa damu maabara kunahitaji kozi fupi, na majimbo ya California, Louisiana, Nevada na Washington yanataka leseni au cheti cha jimbo. Mikono itakuwa myepesi, utazoea mishipa migumu, lakini unamwona kila mgonjwa kwa dakika tano. Mhudumu wa kliniki za madaktari, ambaye hapa huitwa medical assistant, hufanya kazi mchana, bila wikendi, na hilo linawafaa wenye watoto wadogo. Nitarudi kwenye hatari ya ada yake. Gari la wagonjwa, kwa cheti cha EMT, linamfaa mtu mwenye moyo wa dharura na Kiingereza cha haraka, maana redio haisubiri utafute neno. Karani wa wodi hujifunza jinsi hospitali inavyozunguka bila kumgusa mgonjwa. Kazi hizi zote ni halali na kila moja ina mlango wake, lakini kama unaniuliza moja, nimekwisha kujibu.

Moja tu naiongeza kwa sababu watu wetu hawaifikirii: fundi wa kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Vituo vingi humfundisha mtu kwa gharama yao huku wakimlipa, na kanuni za serikali kuu zinamtaka apate cheti ndani ya miezi 18 tangu kuajiriwa. Unakaa na mgonjwa yuleyule mara tatu kwa wiki, unapima uzito wake kabla na baada, unaangalia presha inavyoshuka mashine ikivuta maji, unajifunza kwa nini ndizi na viazi vinaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake hazitoi potasiamu. Ni shule nzuri ya kisukari na presha, magonjwa ambayo utakutana nayo katika kila wodi utakayofanya kazi. Ubaya wake ni kwamba vituo hufungua alfajiri sana, na kama darasa lako ni la asubuhi, zamu hiyo haikufai.

Sasa hatari ya ada. Anayesoma kwa msaada wa serikali kuu, ule wa Pell, ana kikomo cha mihula 12 ya kutwa maishani mwake. Wakimbizi waliokubaliwa, waliopewa hifadhi na wenye green card wameruhusiwa kuuomba kama raia. Chuo binafsi cha biashara kitakupokea kwa tabasamu, kitakujazia fomu siku hiyo hiyo, kitakuandikisha mwaka mzima wa kozi ya medical assistant, kitakula sehemu ya Pell yako na kukuongezea mkopo. Ukija kuomba uuguzi katika chuo cha jamii, unaambiwa masomo yale hayahamishiki. Kabla hujasaini popote, piga simu chuo cha uuguzi unachokitaka uulize swali moja: masomo ya mahali hapa mnayapokea? Omba jibu kwa maandishi. Cheti cha wiki sita kilicholipiwa na mwajiri ni bora kuliko cha mwaka mzima kilichokula msaada wako wa maisha.

Na chuo cha uuguzi chenyewe kiwe kimeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lako, na ni vizuri zaidi kiwe na ithibati ya ACEN au CCNE. Mwezi Januari 2023, wachunguzi wa serikali kuu walitangaza operesheni waliyoipa jina la Nightingale: zaidi ya diploma 7,600 za uuguzi za uongo zilikuwa zimeuzwa kupitia vyuo vitatu vya kusini mwa Florida, na watu 25 walishtakiwa. Wahamiaji walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mtu akikuambia kuna njia ya mkato, utatoa fedha na diploma itakuja bila wodi wala mwalimu, anakuuzia siku ya kupoteza leseni yako na pengine makazi yako.

Wapo wasomaji ambao kuanzia CNA si lazima kabisa. Kama uliisoma KRCHN pale KMTC Kenya, kama una stashahada au shahada ya uuguzi ya Tanzania, au A1 kutoka ISTM Congo, usikubali kuambiwa uanze upya kabla vyeti vyako havijatathminiwa. Majimbo mengi hutumia shirika la CGFNS, ambalo siku hizi linaitwa TruMerit, kulinganisha masomo yako na ya Marekani; baadhi yatakutaka na mtihani wa Kiingereza; kisha unaruhusiwa kufanya NCLEX, mtihani wa leseni. Mwenye A2 ya kiwango cha sekondari, au afisa tabibu, mambo yake ni magumu zaidi na huenda akalazimika kurudi darasani, lakini naye aulize bodi ya jimbo kabla ya kukata tamaa. Fanya CNA ukiwa unasubiri, sawa, kwa ajili ya kodi ya nyumba na kuzoea lafudhi. Lakini barua za kuomba vyeti nyumbani zitoke wiki ya kwanza, kwa sababu vyuo na mabaraza ya uuguzi huchukua miezi kujibu, na kwa mtu wa Bukavu au Goma ambaye chuo chake kilipitiwa na vita, huchukua zaidi.

Nirudi kwa wengi, na kwa jambo ambalo ndilo linalotukwamisha kuliko ada na kuliko Kiingereza. Ni ovataimu. Nyumba ya wazee haina watu wa kutosha, simu inaita saa kumi jioni, msimamizi anaomba ubaki hadi saa tano usiku kwa malipo ya mara moja na nusu. Unakubali kwa sababu kuna karo ya mdogo wako Kisumu, kuna paa la mama Kigoma, kuna harambee ya msiba Jumamosi. Mwezi unaofuata nyumbani wamezoea kiwango kile. Unakodi nyumba kubwa zaidi, unachukua gari kwa mkopo, na sasa huwezi kupunguza saa hata ukitaka. Si uvivu uliokuzuia kusoma. Ulikubali zamu moja moja, na kila moja ilikuwa na sababu njema.

Kinga yake ni kuamua mapema na kusema wazi. Waambie nyumbani kwa sauti yako, si kwa ujumbe mfupi, kwamba kwa kipindi fulani utatuma kiasi fulani na si zaidi, na kwa nini. Wazazi wetu wanaelewa shule. Wengi wao waliuza ng'ombe au shamba kwa ajili yake. Wasichoelewa ni ukimya, na wakisikia unafanya kazi hospitali Marekani watadhani tayari u daktari. Kazini, weka siku mbili za wiki ambazo hata msimamizi akipiga simu jibu linajulikana. Jiandikishe somo moja la awali tangu muhula wako wa kwanza kazini, hata kabla hujajiona uko tayari: Kiingereza cha chuo kama unakihitaji, kisha hesabu au takwimu, kisha anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza. Somo moja kila muhula. Aliye darasani, hata kwa somo moja, huulizwa na wenzake amefika wapi, naye hupata ugumu wa kusahau alikokuwa anakwenda.

Ukiitwa kwenye usaili, nenda na maswali yako. Uliza kila msaidizi anahudumia watu wangapi asubuhi. Wakisema wanane au tisa, kuna nafasi ya kujifunza. Wakisema kumi na tano, utakimbia tu, na mgongo wako ndio utakaolipa. Uliza kama wana mashine za kuinulia watu na kama taratibu zao zinataka watu wawili kuzitumia, kwa sababu wasaidizi wa wauguzi ni miongoni mwa wafanyakazi wanaoumia zaidi kazini nchini humu, na muuguzi mtarajiwa mwenye diski iliyoteguka atapata tabu kumaliza mafunzo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B mwajiri anatakiwa kukupa bure kama kazi yako inakukutanisha na damu, ikubali. Kisha uliza swali ambalo litakuonyesha mengi: walioingia hapa kama CNA miaka michache iliyopita, kuna aliyekuwa muuguzi akabaki hapa? Anayeona maswali haya ni kiburi, hutaki kumfanyia kazi. Msimamizi mzuri atakutajia majina.

Kuhusu ada, sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo bila fedha hiyo kuhesabiwa kama mshahara, hadi kiwango ambacho kwa miaka mingi kimekuwa dola 5,250 kwa mwaka. Katika chuo cha jamii kiasi hicho kinaweza kufunika sehemu kubwa ya ada. Lakini soma mkataba. Je, wanalipa kabla, au wanarudisha baada ya kufaulu kwa alama fulani? Wanaanza kulipa tangu siku ya kwanza au baada ya mwaka? Wanaofanya saa 24 kwa wiki wanahesabiwa, au ni wa saa 36 tu? Na ukishalipiwa unapaswa kubaki muda gani, na ukiondoka mapema unadaiwa kiasi gani? Kubaki miaka miwili kama RN katika hospitali iliyokusomesha si utumwa, ni makubaliano mazuri. Kufungwa miaka minne kwa nusu ya ada, kwa mshahara usiotajwa kwenye karatasi, hayo yafikirie upya. Mpe mtu anayejua sheria ayapitie, na wakala anayekuharakisha usaini leo, mwache.

Ukiwa kazini, linda jina lako kuliko unavyolinda saa zako. Usiandike umempima presha mtu ambaye hukumpima, hata kama umechelewa na namba za jana zilikuwa nzuri. Usimwinue peke yako mtu ambaye kadi yake inasema watu wawili. Usipokee fedha wala pete ya mzee anayesema wewe ni kama mwanawe. Kosa la unyanyasaji, uzembe au wizi likithibitishwa na kuingia kwenye rejista ya jimbo, milango ya nyumba za wazee inafungwa, na bodi ya uuguzi nayo italiona siku utakapoomba leseni. Ukiona mwenzako anamtendea mtu vibaya, toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kama ni mtu wa nyumbani na mnasali pamoja. Aliyekaa kimya huulizwa pia.

Mwisho ni ratiba. Vyuo vingi havipokei alama za sayansi zilizopita miaka mitano au saba, kwa hiyo anatomia uliyoifaulu mwaka wako wa pili hapa haitakungoja hadi watoto wakue. Angalia kwanza tarehe ya mwisho ya maombi ya chuo unachokitaka, rudi nyuma ukihesabu mihula ya masomo ya awali na mtihani wa kuingilia uuguzi wa TEAS au HESI, na hapo utaona ni mwezi gani unapaswa kuwa umehamia kazi ya zamu chache. Maombi yatakutaka barua ya mtu aliyekusimamia. Iombe kwa muuguzi aliyekuona ukiripoti kile kisigino chekundu, umkumbushe siku na alichofanya baada ya hapo ili awe na la kuandika, na uiombe ukiwa bado kwenye wodi yake, kwa maana wauguzi nao huhama.